Mwenzako akikuonyesha mchoro wake

"Mzuri sana, hongera" haimsaidii mchoraji mwenye kazi ya kukabidhi Ijumaa. "Mwanga haujakaa sawa" nayo haimfikishi mbali. Mwambie ni wapi, kuna nini, na mtazamaji atakionaje.

Uliza kwanza mchoro ni wa nini, utachapwa kwa ukubwa gani, na umefika hatua gani. Kama bado ni penseli, zungumzeni mpangilio. Kama rangi zimeshakauka na mteja anasubiri, kumtaka ahamishe mhusika ni kumvunja moyo bure. Shika yale yanayorekebishika kwa saa mbili.

Chukua jalada la kitabu cha watoto: asubuhi, mama amejitwisha mkungu wa ndizi kihambani (shamba la nyumbani la Wachagga), Moshi, na Kilimanjaro nyuma yake. Anza na mlima, maana msomaji wa huku hatausamehe. Kutoka Moshi unautazama ukiwa kusini: kilele cha Kibo kushoto, cha Mawenzi kulia. Zile picha za tembo zilizojaa mtandaoni nyingi zimepigwa Amboseli, Kenya, ambako Mawenzi huonekana kushoto. Mchoraji akizinakili, mama wa watu anajikuta ng'ambo ya mpaka. Na asidhani kugeuza leya ya mlima (tabaka lake kwenye programu ya kuchorea) kunatosha, kwa sababu mabonde na barafu za kaskazini si zile za kusini. Atafute picha iliyopigwa upande wa Moshi.

Mlima ukikaa sawa, fuata jua. Asubuhi, ukiuelekea, jua liko kulia kwako. Kama shavu la kushoto la picha ndilo linalong'aa huku kivuli cha mgomba kikilalia kushoto, pana majua mawili. Mwonyeshe sehemu zote mbili kwa kidole.

Halafu piga mchoro picha kwa simu na uondoe rangi. Mara nyingi uso mweusi humezwa na majani ya migomba, kwa kuwa vyote vina uzito mmoja wa giza. Hapa washauri wengi hukosea: wanamwambia ampaushe mama. Hapana! Apunguze giza la majani nyuma ya kichwa, ngozi ibaki na weusi wake, kisha aongeze mng'ao mwembamba kwenye paji la uso na shavu upande wa jua.

Taja pia kilichofanikiwa, tena kwa jina, asije akakifuta akirekebisha mengine: "Shingo iliyokaza chini ya ngata inaonyesha uzito wa mkungu, usiiguse." Mambo makubwa matatu yanatosha kwa kikao kimoja. Ukitaka kuonyesha kwa kuchora, tumia karatasi ya kunakilia au leya mpya, kamwe usichore juu ya kazi yake. Na umwambie pembeni, si kwenye grupu la WhatsApp.

Mwisho kingo. Jalada la ukubwa wa A5 ni milimita 148 kwa 210. Kwa kawaida huongezwa milimita 3 kila upande za kukatwa, hivyo faili liwe 154 kwa 216. Ncha ya mkungu ikigusa ukingo, kisu cha mchapaji kitaondoka nayo. Ausogeze ndani angalau milimita 5.