Jiwe la Giza

Kwa majuma matatu nilikaa na siri moja bila kumwambia mtu yeyote pale mezani. Tulikuwa tukicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wa kubuni na dadu huamua matokeo, toleo la tano, kwa kanuni za mwaka 2014. Mhusika wangu alikuwa mchawi aliyefunga mkataba na shetani, na katika mkataba huo alipewa macho ya kuona gizani hadi futi 120, liwe giza la kawaida au la kichawi. Alipofika ngazi ya 3 akaweza kutumia uchawi wa Giza. Nilipoviweka viwili hivyo pamoja, usingizi ulinipaa.

Giza hilo si sawa na usiku. Ni tufe lenye nusu kipenyo cha futi 15, nalo hupinda kona na kuingia kila upenyo. Taa na mienge haziangazi ndani yake. Hata viumbe waliozaliwa na macho ya kuonea gizani hawaoni kitu humo. Aliye ndani ni kama kipofu: akishambulia hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo, na anayemshambulia huku akimwona hurusha mbili na kuchukua iliyo kubwa. Mimi peke yangu ningekuwa naona. Hesabu hiyo niliirudia mara nyingi sana, na kila mara nilijihesabia mimi tu.

Usiku ule tuliingia kwenye ukumbi wa chini ya ardhi. Mbele yetu walikuwa mazimwi wawili, na nyuma yao goblini wenye pinde, moto mkubwa ukiwaka pembeni. Mpiga upanga wetu alitangulia, ngao yake ikimeremeta kwa mwanga ambao kuhani wetu alikuwa ameutia kwa uchawi mdogo. Zamu yangu ilipofika niliokota jiwe, nikalitia Giza, nikakimbia nalo hadi kando ya yule mpiga upanga.

Cha kwanza kufa kilikuwa mwanga wa ngao. Giza likigusana na mwanga wa uchawi wa daraja la 2 au la chini yake, mwanga huo hufutika. Kuhani alinitazama, hakusema neno.

Mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa tamu kwangu. Nilirusha dadu mbili kila zamu, na zimwi la kushoto likayumba. Mshale wa goblini ulinipata mara moja, nikalazimika kurusha dadu ili umakini usinitoke na giza likayeyuka. Nikapata 14, nikashukuru. Lakini upande wa pili wa meza mambo yalikuwa mengine. Mpiga upanga na zimwi lake wote walikuwa hawaonani, na kanuni husema faida (kuchukua dadu kubwa) na hasara (kuchukua ndogo) zikikutana zinafutana, kila mmoja anarusha dadu moja. Watu wengi hudhani giza hufanya kila pigo kuwa gumu. Vipofu wawili wakikabiliana hupigana sawa na watu wawili mchana kweupe, na mchana kweupe zimwi lina nguvu kuliko binadamu. Kwenye mzunguko wa tatu rungu lilimpata vibaya. Akaanguka, uhai wake ukafika sifuri.

Kuhani alikuwa umbali wa futi 50. Akafungua mdomo kutamka neno la uponyaji, lile linalomfikia mtu kwa mbali.

"Unamwona?" msimamizi wa mchezo akauliza.

"Hapana."

"Basi halimfikii. Lazima mlengwa umwone."

Ilikuwa giza langu. Mwenzangu alikuwa akifa ndani yake, na mponyaji wake alikuwa amesimama nje, dawa mkononi, hawezi kumpa. Akatumia zamu yake kukimbia hadi ukingoni. Mpiga upanga akarusha dadu ya kupigania roho yake, ikatoka 6. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Matatu ni kifo.

Nikasema naliacha giza liondoke. Kuhani akainua mkono. "Usiliondoe, ndugu yangu. Niambie tu alipo."

Sikumwelewa mpaka zimwi lilipoamua kummaliza yule aliyelala. Kumpiga kwa karibu mtu aliyezimia ni dadu mbili, inachukuliwa kubwa, na pigo likimpata huhesabiwa makosa mawili. Mawili juu ya lile moja. Msimamizi aliokota dadu mbili kwa mazoea. Akasita. Akairudisha moja mezani, kwa sababu zimwi nalo lilikuwa halioni, na hasara hiyo ilikuwa imeifuta faida. Lilihitaji 12 kupenya deraya na ngao. Dadu ilizunguka muda mrefu, ikatulia kwenye 9.

Hakuna aliyeshangilia. Nilikuwa nimeishika meza ya ramani kwa mikono miwili.

Halafu kuhani akaingia. Nilimwongoza kwa sauti: mbele futi 10, kulia, pita karibu na ukuta. Alipita ubavuni mwa zimwi la pili, na zimwi hilo halikuweza kumpiga akipita, kwa kuwa pigo la namna hiyo humhitaji adui unayemwona. Mchana asingefika akiwa mzima. Alipiga magoti nilipomwambia apige, akanyoosha mkono. Uponyaji wa kugusa hauhitaji macho.

"Nani huyo?" mpiga upanga akauliza, na mchezaji wake aliliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu aliyeamka kwenye chumba asichokijua.

"Ni mimi," kuhani akajibu. "Mwenzetu ndiye anayeona. Msikilize."

Tangu hapo hadi pambano lilipoisha sikushambulia tena hata mara moja. Nilisema nani yuko wapi, nani anarudi nyuma, upanga uelekezwe upande gani. Zimwi la mwisho lilipoanguka nililiweka jiwe sakafuni nikalifunika kwa kofia ya chuma ya mpiga upanga, giza likazibwa chini yake, na mwanga wa ule moto ukarudi ukumbini.

Tulipokutana tena, kabla ya dadu ya kwanza kurushwa, mchezaji wa mpiga upanga alinisogezea karatasi yenye ramani na kalamu. Akataka nimchoree duara la futi 15 kila mahali ninapofikiria kulitupa lile jiwe.