Kazi ya kusaidia uchaguzi mashariki mwa Kongo: niliyoyafanya na yanayoharibika

Mtu aliyewahi kuwa karani au msimamizi wa kituo cha kura hapa Kisumu, Kakamega au Nakuru tayari ana nusu ya ujuzi unaohitajika kusaidia uchaguzi katika nchi isiyotulia. Nilipoomba nafasi kupitia programu ya Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, ambayo ilianzishwa mwaka 1970 na ina makao yake Bonn, Ujerumani, sikuandika tu kwamba nina uzoefu wa uchaguzi. Nilieleza kituo kilikuwa na wapiga kura wangapi, fomu nilizojaza, vifaa nilivyopokea na kurudisha kwa nambari zake, na mada nilizowafundisha makarani. Anayechuja maombi anatafuta mtu aliyekwisha kujaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, usiku wa manane huku mawakala wa wagombea wamemzunguka. Ukiwa naye huyo ndani yako, muonyeshe.

Nafasi nyingi za wajitoleaji wa kimataifa huanzia umri wa miaka 27, na za wabobezi miaka 35. Unapewa posho ya kuishi, bima na tiketi, mshahara hakuna. Shughulikia mapema cheti cha mwenendo mwema, ambacho alama zake za vidole huchukuliwa Huduma Centre, vituo vya huduma za serikali hapa Kenya, na chanjo ya homa ya manjano, ambayo huhitaji siku 10 kabla ya kutambuliwa mipakani. Kozi ya usalama ya Umoja wa Mataifa, BSAFE, ni ya bure mtandaoni. Kiswahili chetu kinaeleweka Goma, Beni na Bunia, lakini fomu na barua zote ni za Kifaransa, kwa hiyo usiende bila hicho.

Mipaka ya kazi ndiyo niliyoihitaji zaidi ya yote. Mwenye uchaguzi ni tume ya uchaguzi ya taifa. Kule ni CENI. Ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, uliokuwa MONUC hadi 2010 ukawa MONUSCO, husaidia usafiri, mafunzo na ushauri. Mjitoleaji hatii sahihi kwenye matokeo, hagusi kura, hahesabu, wala hawi mwangalizi, kwa sababu huwezi kutathmini kazi uliyosaidia kuipanga. Hata kalamu sikuishika mbele ya watu. Karani akikwama kwenye safu fulani, nilimwita msimamizi wake amwelekeze. Palipo na bunduki, aliyeshindwa atatafuta mkono wa mgeni kwenye fomu, na ukionekana umeshika fomu hiyo, wanaobaki na lawama ni wafanyakazi wenyeji. Simu nayo ina masharti yake: hakuna kusifu mgombea, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Vifaa ni suala la hesabu ya uzito. Mwaka 2006 Kongo ilikuwa na wagombea urais 33, na zaidi ya 9,000 waliowania viti 500 vya bunge, kwa hiyo karatasi za kura za miji mikubwa zilikuwa na kurasa kadhaa. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ina gramu 5, ya A3 gramu 10. Kura ya karatasi sita za A3 ni gramu 60. Kituo cha wapiga kura 600 kinahitaji kilo 36 za kura peke yake. Vituo 100 ni tani 3.6. Helikopta ya Mi-8 hubeba takriban tani 4 ikiwa katika hali nzuri kabisa, na hupungukiwa nguvu kwenye joto na kwenye miinuko kama ya Goma, iliyo karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mpango unaosema ndege moja itatosha, kabla hujapakia masanduku, taa na mafuta, umekosewa tangu ofisini.

Kutoka uwanja wa ndege mzigo huendelea kwa pikipiki, mtumbwi au kichwani. Tulifunga furushi za kilo 20 ndani ya nailoni mbili, kila furushi limeandikwa jina la kituo pande mbili. Kituo cha kwanza njiani hupakiwa mwisho. Kura, fomu na lakiri za kufungia masanduku na mifuko husafiri na ulinzi. Meza na vibanda vinaweza kutangulia. Ghala lisiwe moja. Desemba 2018 moto uliteketeza mashine za kura karibu 8,000 za Kinshasa ghalani, siku chache kabla ya uchaguzi, na tarehe ikasogezwa hadi 30 Desemba.

Wino usiofutika watu huuona jambo dogo. Una nitrati ya fedha, ambayo hushika kwenye ngozi na kuwa nyeusi ikipata mwanga. Kwa hiyo chupa itikiswe kila mara, kidole kifutwe mafuta kwanza, wino ufike kwenye shina la ukucha, na mpiga kura asikifute kabla hakijakauka. Chumbani gizani alama huchelewa kuonekana na uvumi wa wino bandia huanza hapo hapo. Meza ya wino iwe karibu na mlango.

Sasa usiku. Kura zikifungwa saa kumi na moja jioni, giza linaingia ndani ya saa moja na nusu, na uchaguzi mwingi huharibikia hapo. Taa zijaribiwe siku moja kabla, kisha betri zitolewe ili zisiwashwe bure. Kabla ya sanduku kufunguliwa, ulinganisho uandikwe. Chukua kituo kilichopokea kura 600: zilizotumbukizwa ni 412, zilizoharibika mkononi zikabadilishwa ni 5, ambazo hazikutumika ni 183. Jumla ni 600. Ndani ya sanduku zinatarajiwa 412. Zikiwa 398 halali na 14 zilizokataliwa, basi jumla ya wagombea wote iwe 398.

Kosa nililolikuta mara nyingi ni karani kuchanganya zile 5 na zile 14. Zile 5 hazikuingia sandukuni kamwe. Akizijumlisha pamoja, fomu haifungi, anaanza kufutafuta, na fomu iliyofutwafutwa ndiyo wakala hukataa kuitia sahihi hata kama hesabu ni safi. Dawa yake ni mafunzo: darasa lisizidi watu 30, lifanyike siku tatu hadi tano kabla ya kura, na kila mmoja ajaze fomu halisi mara mbili, ya pili ikiwa na tarakimu ambazo hazilingani kwa makusudi. Nambari ikikosewa, ikatwe kwa mstari mmoja, iandikwe upya kando, na mawakala watie sahihi pale pale. Nakala moja ibandikwe mlangoni kabla mfuko wa matokeo haujafungwa. Mfuko ukishafungwa, nambari ya lakiri isomwe kwa sauti na kila wakala aiandike yake.

Njia ya kwenda kituo cha kujumlisha ina hatari kuliko kituo chenyewe. Hatukusafirisha matokeo usiku pale wakuu wa usalama walipokataza. Sanduku lililala na msimamizi, mawakala na askari chumba kimoja, na hati ya makabidhiano ilionyesha saa. Redio iliitwa asubuhi na jioni bila kukosa, maana asiyeitikia hutafutwa. Atsuhito Nakata, mjitoleaji kutoka Japani, aliuawa Kambodia tarehe 8 Aprili 1993, wiki chache kabla ya uchaguzi aliokuwa akiuandaa. Ndiyo maana sikubishana na amri ya kurudi nyuma, hata gari likiwa limepakiwa.

Pia uwe tayari kwa kura isiyopigwa. Sisi wa Kisumu tunalijua hilo tangu 26 Oktoba 2017, marudio ya uchaguzi wa urais yalipokosa kufanyika hapa, Siaya, Homa Bay na Migori. Beni na Butembo waliambiwa wasubiri hadi Machi 2019, sababu zikitajwa kuwa Ebola na usalama. Ikitokea hivyo, kazi ya mjitoleaji ni kuhesabu upya kila lakiri na kila kitabu cha kura kilichorudi, siku ile ile, pamoja na ofisa wa tume. Baada ya kura vilevile: mafuriko ya kesi huja wakati wageni wanafunga mizigo. Mahakama yetu ya Juu ilipofuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017, fomu na njia zilizopitia ndivyo vilivyochunguzwa. Omba mkataba wako upite tarehe ya mwisho ya malalamiko, na kabla hujapanda ndege, mkabidhi ofisa wa tume daftari la lakiri, ukurasa kwa ukurasa, mkitia sahihi wote wawili.