Mwalimu, kamera haiko safu ya mwisho

Nimeongoza michezo ya jukwaani zaidi ya miaka 15, na kosa ninalolikemea kuliko yote ni sauti ndogo. Nilisomea Bagamoyo enzi bado kinaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007. Kule upepo wa bahari hauna huruma: usipoitoa sauti tumboni, watu wa nyuma wanaanza kupiga soga na karanga zao. Ndiyo maana mazoezini nakaa safu ya mwisho na kupaza, "Sikusikii!"

Tabia hiyo nikaenda nayo kwenye filamu yangu ya kwanza, fupi tu, dakika 11. Siku ya kwanza tulikuwa Mlingotini, uani kwa watu. Mama yetu mwigizaji anapaa samaki aina ya changu huku anamwambia mwanawe kwamba shamba limeuzwa. Nikamwambia, "Mama, sauti!" Akaitoa. Kuku wakatawanyika. Mpiga picha, kijana niliyemfundisha mwenyewe, akainua jicho kwenye kamera, akasema taratibu, "Mwalimu, kamera haiko safu ya mwisho. Iko hapa, hatua moja toka usoni kwake."

Nilinuna, sifichi. Jukwaani kijana wa taa hamjibu mwongozaji.

Yule wa sauti naye akatunyamazisha sote dakika nzima arekodi kimya cha ule ua: mnazi, kuku, pikipiki ya mbali. Nilidhani anatutania. Kumbe kile kimya ndicho kinachoziba viraka wakati wa kuhariri. Kikikosekana, kila panapokatwa sikio linashtuka.

Kilichonitesa zaidi ni mpangilio. Kwa ajili ya jua, kilio tulikipiga asubuhi, na ugomvi uliokileta tukaupiga jioni. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, nalia nini?" Jukwaani kilio kinaiva chenyewe, onyesho baada ya onyesho. Hapa ilibidi nimkalishe kivulini, nimsimulie mchezo wote hadi pale.

Halafu mhariri, dada anayefanyia kazi chumbani kwake Sinza, akaufuta ule mstari wa shamba, mstari nilioandika na kufuta mara 9. Akabakiza kisu kikiparuza magamba, kisha kinasimama. Tuligombana siku mbili. Nikampelekea mama aangalie kwenye simu, nikijua atakuwa upande wangu. Kisu kiliposimama akacheka.

"Hapo mkono ulikuwa umenichoka tu, mwanangu. Lakini uache hivyo hivyo."