Boliti zilizokula chumvi: kufungua shokomzoba na bushi huku Minnesota, Marekani

Gari la Minnesota lenye miaka 10 huwa limechakaa chini kuliko la Dodoma lenye miaka 20. Kila majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na maji yake hupenya kila mwanya. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hujaa kati ya boliti na tundu lake mpaka vinashikana. Ndiyo maana fundi hodari aliyetoka nyumbani anaweza kushinda kutwa na boliti moja ya Corolla.

Kabla ya kutumia nguvu, jua boliti imeshika wapi. Nati iliyoganda kwenye meno ni shida ndogo. Kubwa ni boliti ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi) iliyoganda ndani ya kibomba cha chuma kilichopo katikati ya bushi, yaani raba inayopokea mtikisiko kwenye kiungo hicho. Nati hutoka vizuri, lakini boliti haisogei.

Jioni ya kabla ya kazi, sugua meno yaliyo wazi kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, kisha gonga kichwa cha boliti kwa nyundo ya kilo 1 mara kumi hivi. Mtikisiko hupasua kutu na mafuta hupata njia. Rudia asubuhi.

Soketi iwe ya pembe 6. Ile ya pembe 12 hushika ncha tu za nati, na kichwa kikishaliwa umejiongezea kazi. Tumia pawaba (wenzo mrefu wa kuzungushia soketi) ya nusu inchi yenye urefu wa sentimita 60. Mtu wa kilo 70 akiegemeza uzito wake wote mwishoni hutoa karibu nyutoni-mita 400. Ukiongeza paipu, jihadhari, maana kinachoweza kukatika kwanza ni boliti. Gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki pekee, magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari.

Kwenye boliti mbili zinazofunga shokomzoba upande wa gurudumu, shikilia kichwa kwa spana na uzungushe nati. Baadhi zina mifereji chini ya kichwa inayong'ata tundu, ukizungusha boliti unaharibu yote mawili. Anza kwa kukaza kidogo, kisha legeza. Ikilia “ka!” na kusogea robo mzunguko, usiendelee moja kwa moja: nyunyiza, rudisha, legeza tena. Unapoitoa kwa nyundo, acha nati ikiwa sawasawa na ncha ya boliti ili meno yasipondeke.

Sasa sikiliza mkono wako. Pawaba ikienda halafu ikirudi yenyewe kama mpira, tazama bushi. Kama raba inajikunja pamoja na boliti, boliti na kibomba vimekuwa kitu kimoja, na hakuna mafuta yatakayokuokoa. Kata kwa msumeno wa chuma pande zote mbili za bushi, na uwe na bledi za akiba kwa sababu boliti hizi ni ngumu. Nunua boliti na bushi mpya kabla hujaanza, usije ukabaki bila gari Jumapili jioni.

Linki ya stabilaiza (stabilaiza ni chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) ina shida yake: nati inazunguka pamoja na mpini wenye meno wa linki. Chokonoa kutu kwenye tundu la ncha ya mpini huo, ingiza ufunguo wa Allen (wa pembe 6) wa milimita 5 au 6, shikilia, zungusha nati kwa ringi spana. Tundu likiliwa, kata nati. Linki mpya si ghali.

Ukirudisha, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye shina la boliti linaloingia bushini, si kwenye meno, maana meno yenye grisi hukazwa kupita kiasi. Boliti za bushi zikaze mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, raba inabaki imejikunja na itapasuka mapema. Halafu peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa magurudumu.