Kichochoro cha Nyuma ya Urafiki

Nilizaliwa na kukulia Mabibo, katika nyumba ya vyumba sita aliyoijenga baba kidogo kidogo kwa mshahara wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, na hadi leo nikishuka kwenye kituo cha mwendokasi chenye jina la kiwanda hicho huhisi nimeshafika nyumbani hata kabla sijavuka barabara. Kiwanda kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 273,000, na ile ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Mtaa wetu ulizaliwa kati ya hesabu hizo mbili, na anayetaka kujua kwa nini vichochoro vyake ni vyembamba namna ile hana budi kuanzia hapo.

Urafiki ilifanya kazi yote ndani ya uzio mmoja: kusokota nyuzi, kufuma, kutia rangi na kuchapa khanga na vitenge. Kazi ilikwenda kwa zamu, na mtaa nao ukaenda kwa zamu. Baba aliporudi asubuhi, nywele na nyusi zake zilikuwa zimeshikwa na nyuzinyuzi za pamba, nasi watoto tulimpangusa kwa khanga ya mama kabla hajakaa kunywa chai. Mama ntilie walijua saa ya kuinjika uji bila kutazama saa, na wenye vyumba vya kupangisha walijua ni tarehe gani wapite kugonga milango.

Baadhi ya wafanyakazi walipata nyumba katika maghorofa ya kiwanda. Wengine, baba akiwamo, walinunua ardhi kwa wenyeji waliokuwa na mashamba, na jina lenyewe la Mabibo linatosha kukumbusha mikorosho iliyokuwapo. Mashamba yaliuzwa vipande vipande. Muuzaji na mnunuzi walihesabu hatua za miguu mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi, karatasi ikaandikwa, kila mmoja akatia saini au dole gumba, na shughuli ikaishia hapo. Njia haikupimwa na mtu. Ikawa ni ile nafasi iliyobaki baada ya kila mwenye nyumba kumaliza kujenga, na kadiri watoto walivyoongezeka na vyumba vya uani navyo vikaongezeka, nafasi hiyo ikazidi kupungua. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na ikaboresha makazi ya Manzese yaliyokuwa yameshajengwa bila mpango. Ukitembea leo kutoka Sinza hadi kwetu, mwendo usiozidi saa moja, miguu yako yenyewe itakuonyesha pale chokaa ya mpimaji ilipoishia.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba na nguo za nje ziliingia kwa wingi, na katika miaka ya 1990 kiwanda kikawa cha ubia kati ya Tanzania na China. Zamu zilipungua, ila watu hawakuondoka. Soko la ndizi la Mabibo, ambalo kila mtu analiita Mahakama ya Ndizi, liliendelea kupokea malori ya mikungu kutoka mikoani, na upande wa External, kando ya Barabara ya Mandela, lilianzishwa eneo maalumu la viwanda lenye jina la Benjamin William Mkapa, ambako wasichana wengi wa mtaani kwetu wanashona nguo za kuuzwa nje ya nchi. Nikiwaona alfajiri wakipita wawili wawili, viatu mkononi kwa sababu ya tope, namkumbuka baba.

Barabara kuu imebadilika mno, nami nalisema hilo kwa shukrani. Mwendokasi ulianza mwaka 2016, na mwaka 2021 daraja la Kijazi lenye ngazi tatu likafunguliwa pale Ubungo, tulipokuwa tukikaa kwenye foleni hadi mtu anasinzia na kuamka pale pale. Lakini hayo yote yamejengwa kwa ajili ya anayepita. Anayeshuka na kuingia ndani bado anakutana na kichochoro kile kile.

Masika ya mwaka juzi, saa nane za usiku, mpangaji wetu mmoja alishikwa na uchungu. Bajaji ilikuja ikakwama mbali, kwa kuwa kati ya ukuta wa jirani na jiko la uani la mama palikuwa na upana wa hatua mbili tu, na maji yalikuwa yamefika magotini. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne tukakibeba, mama akatangulia na tochi huku akisema, “Polepole wanangu, kuna shimo hapo.” Mtoto alizaliwa salama. Lakini tangu usiku ule mama hakuwa tena na amani na jiko lake.

Mwenyekiti wa mtaa alipoitisha kikao cha kurasimisha makazi, wengi walinyamaza, maana kila mmoja alijua njia haiwezi kupatikana bila mtu kukatwa kitu, na kwa maskini ukuta mmoja ni akiba ya miaka. Mama alisimama, akaomba radhi kwa wakubwa waliokuwapo, akasema, “Mwenyekiti, jiko langu nalitoa. Nitapikia barazani.” Palikuwa kimya kidogo. Kisha mzee wa nyumba ya pili, ambaye tulikuwa na ugomvi naye wa mpaka tangu nikiwa darasa la tatu, akasema naye atarudisha ukuta wake nyuma hatua moja.

Fundi alikuja Jumamosi iliyopita na nyundo na toroli. Matofali mazima tumeyapanga kando ili yajengewe mtaro. Hivi sasa pana hatua nne na nusu, na jana jioni, mara ya kwanza tangu nipate akili, guta lililojaa mikungu ya ndizi lilipita mbele ya mlango wetu bila kugusa ukuta wa upande wowote.