Ziwa langu lilikuwa na joto la bahari

Kwa wiki tatu modeli yangu ya kompyuta ya hali ya hewa, ya tasnifu ya uzamili, ilimwaga mvua kupita kiasi juu ya Ziwa Victoria, mchana na usiku. Aliyekulia Mwanza anajua radi za ziwani huja zaidi usiku: nchi kavu hupoa haraka, maji hubaki na joto, na upepo kutoka pande zote hukutana ziwani ukainua hewa yenye unyevu. Wavuvi wa dagaa wako majini saa hizo hizo. Sikuweza kulifumbia macho kosa hili.

Nilibadilisha hesabu za mawingu, wapi! Ningeanza kwa kuchora ramani ya joto la maji, ningeokoa siku nyingi. Nilipoichora nikakuta nyuzi 29, wakati ziwa hili huwa karibu 25. Kumbe data yangu ya joto la maji ilihusu bahari tu, na WRF, programu inayoendesha modeli yangu, ikaziba pengo kwa thamani za Bahari ya Hindi, hadi huku mita 1,134 juu ya usawa wa bahari!

Nikaingiza joto la ziwa lililopimwa kwa setilaiti, nikaendesha upya. Mvua ikapungua, kilele chake kikarudi usiku.