Mwaka yenye narukaka

Jana mutoto ya yaya yangu, ana miaka 12, aliniuliza tukiwa tunakula bukari: "Baba mudogo, Mazembe, timu yetu ya mupira, ilikuwaka nguvu kweli ao ni nyinyi bakubwa tu njo munasemaka?" Nikamuhesabia na vidole. 2009, 2010, 2015, 2016, 2017. Kombe tano za Afrika mu miaka tisa, tatu za Ligi ya Mabingwa na mbili za Shirikisho. Alifungua macho. Mi nikanyamaza, maana kila mara nikihesabu hivi kuna mwaka moja narukaka, na usiku usingizi ilikataa, njo maana niko naandika.

Ile ya 2009 kwanza. Bazee ya hapa Lubumbashi balikuwa banaishi na 1967 na 1968, kombe mbili za wakati ile timu inaitwa Englebert, siye tulizaliwa tukazikuta ni hadithi ya kuongelea pa veranda. Tulikuwa tumepoteza 2-1 kule Nigeria kwa Heartland, kwa hiyo hapa kwetu bao moja tu ingetosha. Tarehe 7 mwezi wa 11, siku ya posho, mi na baba tuko ku kiwanja ya Kibassa Maliba, tumebanana paka huwezi kuinua mukono, na dakika zinaenda, zinaenda, bao haiingie, kisha beki ya Heartland anafunga golini mwake mwenyewe. 1-0. Kwa jumla 2-2 na bao yetu ya ugenini inatupa kombe. Bantu balipanda juu ya benzabo. Baba yangu yeye alikaa chini, akasema "miaka 41", hakuongeza neno ingine paka tulifika ku nyumba.

Mwaka yenye ilifuata ilikuwa tamu zaidi na nasema hivi nikijua kuna benye banapenda ya 2009. Trésor Mputu FIFA ilikuwa imemufungia mwaka muzima, kila muntu alisema bila yeye tumekwisha, na timu bila yeye ikapiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa hapa mu finali. Tano! Kisha kombe ya dunia ya timu, Abu Dhabi, mu mwezi wa 12. Pachuca ya Mexico 1-0, bao ya Bedi. Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka, na Kidiaba, golikipa yetu, anakaa chini anaanza kuruka na matako kama anavyofanyaka, na mu komini za hapa Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kamalondo, batoto bote bako mu njia banaruka vile vile mu vumbi. Hakuna timu ya Afrika ilikuwa imefika finali ya dunia mbele yetu. Inter ya Milan na Eto'o wabo balitupiga 3-0 na nakuapia hapa kwetu tuliimba kama bantu benye bameshinda.

2011 CAF ilitutoa mu mashindano kwa sababu ya mambo ya usajili ya muchezaji wetu Bokungu, tukiwa tumeshatoa Simba ya Tanzania. Iliuma. Lakini ku ile Simba njo tulimuonaka muchezaji wao Samatta, akakuya huku.

Sasa ile mwaka.

Tarehe 11 mwezi wa 5, 2014, siku ya Mungu. Mazembe iko Kinshasa inacheza na V.Club, timu ya kule, ku kiwanja ya Tata Raphaël. Siye tuko kwa jirani mu Katuba, radio moja bantu kumi na mbili, tunaongoza 1-0. Ndugu yangu, mutoto ya mama mudogo, anakaaka Kinshasa na ni muntu ya V.Club damu yote, alikuwa kule kiwanjani na nilikuwa nimeshamutumia mesaji ya kumuchekelea. Bao moja, ndugu, bado zinakuya. Niliandika vile. Inje batoto bameanza kuruka kama Kidiaba.

Kumbe kule bantu bamekasirika, banarusha mawe, polisi inarusha mabomu ya machozi, na kiwanja muzima inakimbilia milango. Bantu 15 balikufa. Balikanyagwa, balikosa hewa, siku ya mupira, benye balitoka ku nyumba bakisema nakuya sasa hivi. Tulisikia pole pole, kwanza radio inasema kuna fujo, kisha inasema bamoja bameumia, na siye tukaendelea kuongea mambo ya pointi. Hii njo inaniumizaka paka leo. Tuliendelea kuongea mambo ya pointi.

Ndugu yangu simu yake haikupita paka saa tatu ya usiku. Alisema alianguka pa mulango, juu yake bantu, chini yake bantu, na muntu mumoja akamuvuta mukono akamutosha. Mesaji yangu alikuwa ameiona. Hakuniambia kitu juu yake, hata siku moja.

Mu 2015 alikuya Lubumbashi mambo ya kazi, ikaangukia na finali ya Ligi ya Mabingwa, tarehe 8 mwezi wa 11, na USM Alger ya Algeria. Kule Algiers tulikuwa tumeshashinda 2-1. Nikamulipia tiketi ku Kamalondo, nilitaka aone uwanja yetu. Mbele ya kukaa aliuliza milango iko wapi, nikamuonyesha, akaikagua yote na macho, kisha akachagua kiti ya pembeni kabisa. Samatta akafunga penaliti, uwanja ikalipuka, na ndugu yangu akasimama, akanishika bega, akasema twende. Finali, ku nyumba yetu, tunaongoza, lakini niliona uso yake nikatoka naye. Ile bao ya pili ya Assalé niliisikia tukiwa inje ya ukuta, kelele ikapanda, na yeye akaanza kukimbia. Mi pia nikakimbia naye, paka ku barabara ya lami.

Kisha finali za Shirikisho: 2016 tulipiga Béjaïa ya Algeria 4-1, 2017 ku Pretoria 0-0 ikatosha kutupa kombe, na Mihayo, mwenye alituchezeaka, njo alikuwa kocha. Nilifurahi sana, sitadanganya. Zote mbili nilizionea ku televizyo.

Leo mangaribi nilimupigia. Nilimuomba musamaha ya ile mesaji, miaka yote hii imepita, akasema "acha, ndugu." Nikamuuliza ule muntu mwenye alimuvuta alikuwa amevaa jezi gani, ya V.Club ao yetu. Alinyamaza kidogo.

"Moshi ilikuwa mingi," alisema. "Niliona tu mukono."